Mzima wa Karatasi

Ndugu msomaji, mbele yangu mezani nina karatasi mbili. Ya kwanza ni yangu mwenyewe, fomu ya uchunguzi wa afya niliyotakiwa kuipeleka chuoni nikiwa na miaka 20. Ya pili ni ya marehemu baba mdogo, dereva wa lori, aliyoitoa kazini kwake. Zilijazwa na watu wawili tofauti, katika vyumba viwili tofauti, na kati yake ipo miaka mitatu. Lakini ukitazama mstari wa presha, zote mbili zimeandikwa 120/80. Macho: sawa. Kifua: sawa. Moyo: sawa. Chini kabisa muhuri wa bluu, sahihi, na neno moja: anafaa.

Baba mdogo alianguka nyumbani kwake, mtaa wa Makanyagio hapa Mpanda, hata miezi minne haijatimia tangu muhuri ule ugongwe. Tulipomfikisha hospitali presha yake ya juu ilikuwa imepita 220. Upande wa kulia ulikuwa umekufa, maneno yanatoka nusu nusu. Siku ya tatu tukamzika.

Baada ya arobaini, mama mdogo alinipa mfuko wa nailoni wenye makaratasi ya marehemu nimtenganishie ya mafao na ya kutupa. Humo ndimo nilimoikuta ile fomu. Nilipoona 120/80 nilishtuka, maana namba ile naijua. Ndiyo niliyoandikiwa mimi, na mimi siku ile hakuna mtu aliyenigusa.

Acha nikueleze ilivyokuwa. Nilifika saa mbili asubuhi nikiwa na fomu, picha mbili za pasipoti na hela ya kujazia. Foleni ilikuwa ndefu, akina mama na watoto wenye homa, wazee wanakohoa. Sisi wa fomu tulikuwa kama kumi, vijana wazima tunaotaniana. Zamu yangu ilipofika nikasema shikamoo dokta. Akaitikia bila kuinua macho. Akauliza, "Unaumwa chochote?" Nikasema hapana. "Basi nikupime nini?" Akacheka, nami nikacheka. Kalamu ikaanza kushuka kwenye karatasi: sawa, sawa, sawa. Alipofika kwenye presha hakusita hata kidogo, akaandika 120/80 kama mtu anayeandika jina lake. Dakika tatu hazikufika. Nikatoka nje nimefurahi, nikawaambia wenzangu, "Jamaa safi sana, hasumbui."

Hasumbui! Neno hilo ndilo lililonifanya niandike makala hii. Kumbe sisi tulikuwa tunamsifu mtu kwa kutokutufanyia kile tulichomlipa atufanyie.

Sasa swali langu, na nakuomba msomaji usilijibu haraka: uongo ambao kila mtu aliyehusika ameukubali, nao ni uongo? Daktari alijua. Mimi nilijua. Huko chuoni nako, nina hakika, aliyepokea fomu alijua, maana amepokea fomu mamia na wote ni 120/80, utadhani wanafunzi wa Tanzania walizaliwa na moyo mmoja. Hakuna aliyedanganywa. Kama hakuna aliyedanganywa, kosa liko wapi?

Nilipouleta mjadala huu kijiweni, washikaji waligawanyika. Wa kwanza alisema kosa ni la daktari, yeye ndiye aliyeapa. Wa pili akasema hapana, daktari mmoja, wagonjwa mia, mtoto ana degedege pale mlangoni, wewe mzima unataka akushike tumbo? Anayestahili lawama ni yule aliyetunga fomu bila kutunga muda wa kuijaza. Wa tatu akasema kosa ni letu sisi, tunataka muhuri, hatutaki kipimo. Mimi nilikaa kimya. Nilikuwa nawaza jambo ambalo hakuna aliyelitaja: yupo mmoja aliyedanganywa, na hakuwemo katika makubaliano yetu. Ni yule mimi wa baadaye, na baba mdogo wa miezi minne baadaye. Huyo siku ile hakuulizwa.

Wazee walisema nyumba usiyolala ndani huijui ila yake. Ni kweli. Lakini mwili ni nyumba ambayo tunalala ndani siku zote, na bado hatujui inavuja wapi. Presha haiumi. Ndiyo hatari yake. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta karibu mtu mzima 1 kati ya 4 nchini, wa umri wa miaka 25 hadi 64, ana presha ya juu. Sasa wahesabu watu wa umri huo kwenye basi la kutoka Mpanda kwenda Sumbawanga. Robo yao wanacheka, wanakula mahindi ya kuchoma pale Sitalike, wanawaonyesha watoto viboko mtoni, na ndani ya mishipa damu inasukuma kama maji kwenye bomba bovu.

Miaka sita baada ya fomu ile nilikwenda kupimwa kweli. Siumwi, sina fomu, sina safari. Nilikwenda kwa sababu ya ile karatasi ya marehemu. Yule mama wa mapokezi aliniuliza mara mbili, "Una tatizo gani?" Nikamwambia sina, nataka kupimwa tu mwili mzima. Akanitazama kwa wasiwasi. Kwetu mtu akisema anakwenda kupima afya, watu wanaelewa jambo moja tu: UKIMWI. Nilimwona akishusha sauti kwa huruma, "Chumba namba tatu, mdogo wangu."

Nataka nieleze yaliyotokea humo, maana wengi wetu tumefika umri wa kuoa bila kuyaona. Kwanza daktari, mama wa makamo, hakugusa chochote. Aliuliza. Baba yuko hai? Mama? Ndugu waliokufa, walikufa kwa nini? Unavuta sigara? Pombe je, kiasi gani, usiniambie kidogo. Unalala vizuri? Choo? Una mwenza? Hapo ndipo nilipogundua kuwa kipimo cha kwanza hospitalini ni ukweli wa mgonjwa. Mashine haikamati uongo wa mdomoni. Nilipofika kwenye pombe nilitaka kupunguza chupa mbili, halafu nikakumbuka 120/80. Nikasema zote.

Kisha mizani, kisha urefu. Kisha nikakaa dakika tano kimya, miguu chini, mgongo umeegemea kiti, ndipo akanifunga ule mkanda mkononi juu ya kiwiko. Mkanda unajaa upepo, unabana mpaka damu inakatika, kisha anafungulia pole pole huku anasikiliza. Sauti ya kwanza ikilia ndiyo namba ya juu, moyo unapobana. Sauti ikipotea ndiyo namba ya chini, moyo unapolegea. Aliyezieleza sauti hizo kwanza ni daktari wa jeshi la Urusi, Nikolai Korotkov, mwaka 1905. Namba ile si pambo la fomu. Kuna mtu aliinamisha sikio mpaka akaipata.

Akapima mara ya kwanza, akasubiri, akapima tena. 138 kwa 86. "Haijafika 140 kwa 90," akasema, "lakini inakwenda huko. Na familia yenu ndiyo hiyo umenieleza." Nikaona jasho linanitoka. Miaka sita nimetembea na 120/80 mfukoni kama hirizi.

Akamulika macho, masikio, koo. Akabonyeza shingo chini ya taya kutafuta matezi. Akaniambia, "Naomba ufungue shati, nisikilize kifua." Msomaji, aliniomba. Akaweka kile kipimo, kina ubaridi, vuta pumzi, toa, tena. Akanilaza, akasema, "Sasa nashika tumbo, pakiuma uniambie." Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kufanyiwa. Aliweka kidole juu ya mbavu zangu na kukigonga kwa kidole kingine, ko-ko, akahama, ko-ko.

Nikacheka. Nikamwambia, "Dokta, unapiga hodi?" Naye akacheka. "Ndiyo. Nasikiliza kama ndani kuna mtu."

Baadaye nilisoma kuwa aliyeanzisha kugonga kifua ni Leopold Auenbrugger wa Vienna, aliyeuandikia kitabu mwaka 1761. Baba yake alikuwa na nyumba ya wageni, na inasimuliwa kuwa kijana alijifunza kwa kuona mapipa yakigongwa ili kujua pombe imebaki kiasi gani. Nikasoma pia habari za René Laennec wa Paris. Mwaka 1816 aliletewa binti mgonjwa wa moyo. Desturi ya wakati ule ilikuwa daktari aweke sikio kifuani, lakini kwa binti yule aliona haifai. Akakunja karatasi ngumu, akaweka ncha moja kifuani na nyingine sikioni, na kumbe akasikia vizuri zaidi kuliko kwa sikio tupu. Kipimo kile ambacho leo kila daktari anakining'iniza shingoni kilizaliwa kwa haya. Mtu mmoja alimstahi mwenzake, na kwa kumstahi akamjua zaidi.

Hapo ndipo jibu langu lilipoanza kujengeka. Kwetu huingii nyumba ya mtu bila hodi. Hata ukiwa na haki ya kuingia, hata ukiwa umeitwa, unabisha, unangoja karibu. Wabende wana mkwaju wao kule Ziwa Katavi, wanasema ndimo anamokaa Katabi, ambaye jina la mbuga na la mkoa wetu tangu 2012 limetoka kwake, na wapitao huacha chochote kama heshima. Uamini usiamini, maana yake ni ile ile: pana mwenyewe hapa, usipite kama kwako. Kumpima mtu ni kubisha hodi mwilini mwake. Aliyeniandikia 120/80 bila kunigusa alitoa taarifa za nyumba ambayo hakufika hata kibarazani. Nami niliyefurahi nilikuwa mwenye nyumba aliyesema, andika tu, hakuna haja ya kuingia.

Lakini ngoja. Haki itendeke pande zote. Wapo wanaoingia bila hodi, nao tunawajua. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walipokuwa wakipambana na malale kando ya Ziwa Tanganyika, watu walipangwa mistari, wakabonyezwa shingo kutafuta matezi, waliovimba wakachomwa sindano. Dawa yenyewe, atoksili, ilikuwa na sumu ya arseniki, na baadhi ya waliotibiwa walipofuka. Akaja Mwingereza. Katika miaka ya 1920 na 1930 watu wa magharibi ya Tanganyika, nchi hii yetu ya mbung'o, walihamishwa kutoka vijiji vyao vilivyotawanyika wakakusanywa kwenye makazi makubwa, kwa sababu ile ile ya malale. Labda maisha mengi yaliokoka, sibishi. Lakini hakuna aliyeulizwa. Shingo ile ile niliyobonyezwa mimi kwa upole, mababu zetu walibonyezwa kama mbuzi mnadani. Kwa hiyo mzee akikuambia haendi kupimwa, usikimbilie kumwita mshamba. Yawezekana anakumbuka kitu ambacho hata yeye hajui kuwa anakikumbuka.

Na mambo hayo hayajaisha yote. Rafiki yangu mmoja alikwenda kupimwa kwa ajili ya ajira, damu ikachukuliwa, na majibu ya virusi yakasomwa na bwana wa ofisini kabla yake. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inataka kupima kuwe kwa hiari na majibu yawe siri ya aliyepimwa. Mwaka mmoja kabla ya sheria hiyo, Julai 2007, Rais Kikwete alipimwa hadharani Dar es Salaam na mamilioni wakamfuata. Ule ulikuwa mfano mzuri wa kiongozi kutangulia mbele. Lakini tofauti ya hiari na lazima ndiyo tofauti ya mgeni na mwizi, hata kama wote wawili wamepitia mlango mmoja.

Basi yapo makosa mawili, na ninaona ni ndugu. Kosa la kwanza ni kumpima mtu bila kumwuliza. La pili ni kuandika umempima hali hukumgusa. Katika yote mawili, mwenye mwili hayupo. Kuna shingo tu, au kuna karatasi tu.

Utaniambia: sawa, lakini huko kupimwa kunasaidia kweli? Siku ikifika imefika. Hoja hiyo si ya kijiweni peke yake. Watafiti wa Denmark walikusanya majaribio mengi ya kupima watu wasioumwa, wakatoa matokeo mwaka 2012 na kuyarudia 2019, wakaona kuwa kwa jumla waliopimwa hovyo hovyo kila kitu hawakuishi zaidi ya wasiopimwa. Nililisoma hilo nikanywea. Lakini ukiwaza utaona majaribio yale yalifanyika huko ambako mtu ana daktari wake na presha yake ilishapimwa alipokwenda na mafua. Hapa kwetu anayefika hospitali mara ya kwanza anafika amebebwa. Hata hivyo nalikubali funzo lao: kipimo si kinga ya kifo. Sitakudanganya kwamba ukipimwa hutakufa. Nimeshachoka na uongo.

Hoja ngumu zaidi alinipa mama mdogo. Nilimwonyesha ile fomu, nikasema kwa hasira kwamba aliyemwandikia marehemu hivi alimwua. Mama mdogo alikunja kanga yake, akakaa kimya muda mrefu. Kisha akasema:

"Alijua, mwanangu. Kichwa kilikuwa kinamgonga tangu mwaka juzi yake. Alipimwa dukani kwa dawa, akaambiwa ni kubwa. Ile fomu aliomba mwenyewe aandikiwe nzuri. Wangeona ile namba wangemtoa kwenye usukani. Na wewe ulikuwa mwaka wa mwisho."

Msomaji, ada yangu ilikuwa inatoka kwenye usukani ule.

Sasa niambie. Je, baba mdogo alikuwa na wajibu wa kusema ukweli wa mwili wake, hali ukweli huo ungeniondoa mimi chuoni? Na barabarani, kwenye ile kona ya porini, lori lina magunia ya mpunga na mbele kuna basi la wanafunzi, je? Nimelala na maswali haya. Siwezi kumhukumu. Lakini siwezi pia kusema alifanya sawa, maana mficha maradhi kifo humwumbua, na kwa dereva kifo hakiji peke yake. Ninachoweza kusema ni kwamba alibeba mzigo ambao haukuwa wa mtu mmoja. Kazini wangesema, meza dawa, kaa ofisini miezi miwili, presha ikishuka rudi, angepima. Palipo na adhabu kwa ukweli, fomu zote zitakuwa 120/80. Anayetaka watu waseme kweli hospitalini aanze kwa kuhakikisha ukweli hauwanyang'anyi chakula.

Nimalizie na jambo la mwaka jana. Mdogo wangu alichaguliwa kidato cha tano. Akaja na fomu, na tiketi ya basi la alfajiri ilikuwa imeshakatwa. Baba akasema, "Mpeleke kwa yule jamaa yako, dakika mbili tu." Nikampeleka kwa yule mama wa chumba namba tatu. Foleni ikawa ndefu, tukakaa mpaka saa saba.

Kwenye kipimo cha macho dogo alisoma herufi zote kuanzia ile E kubwa mpaka mstari wa chini, harakaharaka, kama anasali. Yule mama akamtazama, akageuza ubao. Upande wa pili kuna E tupu, moja imeangalia juu, nyingine kushoto, nyingine chini. "Nionyeshe kwa mkono inaangalia wapi." Mstari wa tatu dogo akakwama. Kumbe alikuwa amezikariri herufi zile kwenye benchi, akiwasikiliza waliomtangulia.

Nikamwuliza nje, tangu lini huoni ubaoni? Akasema tangu darasa la sita. Alikuwa ananakili kwa jirani yake. Na sisi nyumbani miaka yote hiyo tulikuwa tunamwita mvivu. Mimi mwenyewe nimewahi kumchapa kwa madaftari yaliyojaa makosa.

Basi la alfajiri likaondoka bila yeye, nauli ikaenda, baba akanuna siku mbili. Miwani ilichukua wiki. Kwenye fomu yake mstari wa macho haukuandikwa sawa. Uliandikwa anahitaji miwani, akae mbele. Ni fomu ya kwanza katika ukoo wetu kuwa na neno la kweli. Nimeitoa nakala, nimeiweka pamoja na zile mbili.

Mwezi ujao ni zamu yangu tena, presha irudiwe. Naogopa, sikufichi. Lakini nitakwenda, nitakaa dakika tano kimya, miguu chini, na yule mama akipiga hodi nitaitikia karibu.